Hedifoni Alivaa Nani

Mapigo ya moyo hayakulingana. Edina, muuguzi wa zahanati moja huko Lundo, alikuwa amerudi kutoka kukimbia kando ya ziwa, jasho likimchuruzika. Saa ya michezo mkononi ilionyesha kuwa moyo wake ulipiga mia moja hamsini na tano kwa dakika. Hedifoni mpya alizotumiwa na kaka yake kutoka Songea, zinazopima mapigo sikioni, zilionyesha hamsini na mbili. Huo ni moyo wa mtu aliyekaa kitako.

Akazifuta vizuri, akazikaza masikioni, akakimbia tena kesho yake. Hali ileile.

Vitalis, mumewe, aliichukua simu ya Edina iliyopokea vipimo vyote, akaitazama mistari miwili, wa saa na wa hedifoni. Mmoja ulipanda, mwingine umelala.

"Mama Adrian," alisema kwa sauti ya chini, "saa ulivaa wewe. Hedifoni alivaa nani?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Moyo mmoja hauendi namna mbili. Mlikuwa wawili huko."

Edina alicheka. Vitalis hakucheka. Akaenda kwa wavuvi kuuliza mkewe hukimbia na nani. Wakamjibu kwamba hukimbia peke yake. Hakuwaamini.

Asubuhi iliyofuata alimtaka aziache hedifoni nyumbani. Akazifungia katika kikasha chake, akakiweka mezani, akakaa akikilinda, simu mkononi. Edina akaondoka na saa tu.

Mwanzoni kulikuwa kimya, kisha mstari wa hedifoni ukaanza kujichora, moyo uleule mtulivu, na hesabu ya hatua ikawa inapanda ilhali kikasha hakijatikisika, na harufu ya tope la ziwa ikajaa sebuleni, na kutoka ndani ya kikasha kilichofungwa Vitalis akasikia pumzi za mtu anayekimbia bila kuchoka, zikikaribia, zikizidi kukaribia, mpaka Edina akaingia akihema, akaketi, akatulia, na zile pumzi zikaendelea pale mlangoni.

"Baba Adrian," Edina alinong'ona, "nani huyo?"

"Sijui. Nisamehe, mke wangu."

Hawakungoja chai. Walikichukua kikasha, wakaenda moja kwa moja kwa Bibi Kunigunda, mganga anayejulikana kwa kutoa majini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hicho kitu msiniingizie ndani." Akamgeukia Edina. "Kule ziwani, kwenye mawe makubwa, unapita umeziba masikio?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwenye mahali pale alikuita. Hukumsikia. Akaamua kuja kukaa hapo unaposikilizia."

Aliwasha majani makavu uani, akakiweka kikasha kwenye moshi. Kikatetemeka, kikatoa mlio mwembamba kama nzi aliyenaswa kwenye chupa, kisha kikanyamaza. Bibi akakifukia palepale.

"Ametoka," alisema.

Vitalis alitaka kuuliza ametoka kwenda wapi, lakini bibi alikwisha kufunga mlango.

Ilipita wiki kadhaa ndipo Edina akathubutu kukimbia tena, masikio wazi, kwa njia ya juu inayopita mashambani, mbali na maji. Vitalis alikuwa akipalilia mihogo. Alipomwona mkewe anakuja akainua mkono kumsalimia, na mkono ukabaki hewani.

"Vipi, Baba Adrian?" Edina aliita akipunguza mwendo.

"Usisimame," Vitalis alijibu taratibu, akijilazimisha kutabasamu. "Njoo hivyohivyo, mke wangu. Na usimtazame."