Mkamwana Katika Kimsitu cha Matema

"Mgeni Saba, mashua iko umbali wa dakika kumi. Kreti tatu za baruti zisivuke ziwa."

"Nimepata."

Sauti ilitoka kwenye kidude kilichofichwa sikioni mwa Atupele. Aliinua darubini yake ya Nikon, akajifanya anatafuta ndege.

Kwa macho ya watu alikuwa mtalii wa Tanga aliyekuja kutembelea kimsitu cha hifadhi kando ya Ziwa Nyasa, nje kidogo ya Matema. Chini ya shati, kiunoni, alikuwa na Glock 19.

Mbele yake alitangulia Sylvester, mwongoza watalii. Mcheshi wa kupindukia, na roho mbaya vilevile. Mzigo ulikuwa wake. Akiwa na mtalii, nani angemuuliza anafuata nini ufukweni?

"Dada, tahadhari na mizizi hapo!"

Kwenye kona akatokea askari wa hifadhi, mzee mwenye gamibuti, akikohoa.

Atupele akakitambua kikohozi kile. Ripoti ilisema zamu ni ya askari mwingine, Ambwene. Huyu alikuwa Asajile, baba mkwe wake.

Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hawasalimiani, hata njia moja hawapiti. Miaka tisa ya ndoa, Atupele hakuwahi kumwona mzee huyo usoni. Alimjua kwa mgongo na kikohozi.

Miguu yake ikamsaliti. Kabla hajafikiri, alikuwa kichakani, amegeuka, mtandio kichwani. Ng'ambo ya njia mzee naye amegeuka, kofia usoni.

Mafunzo yote yale ya kijasusi, bure kabisa!

Sylvester alikulia Ipinda, huko huko Unyakyusa. Kicheko kikamkauka.

"Mtu wa Tanga anamkwepa mkwe Matema?"

Makarov ilikuwa tayari mkononi mwake.

Asajile alisikia bastola ikikokiwa. Akageuka. Akavuka njia kwa hatua tatu, akasimama mbele ya mkamwana wake.

"Kimbia, mwanangu!"

Mlio.

Mzee akaanguka. Atupele akajitupa chini, Glock ikabweka mara mbili. Sylvester hakuinuka tena.

"Mgeni Saba! Mashua tunayo. Kreti?"

Aliziona chini ya nyavu kuukuu, hatua kumi kutoka alipokuwa.

"Zote tatu."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mkamwana wa Kyela angelifanya. Akakipakata kichwa cha mkwe wake. Macho yao yakakutana. Yohana, mumewe, alikuwa na macho yale yale.

"Ugonile," mzee akamsalimia, kwa tabu.

"Ndaga, baba," akaitikia.

Alitaka kuongeza neno. Hakukuwa na wa kuambiwa. Akalia kwa uchungu, bila aibu, mpaka wenzake wakafika.

Simu aliipiga mwenyewe.

"Yohana, baba hatunaye. Amepigwa risasi. Kosa ni langu."

"Alikuwa na nani?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe huwezi kumsogelea baba."

"Nilimpakata, Yohana. Alinitazama. Akanisalimia."

Upande wa pili mwanamume akaangua kilio.

Atupele akafuta damu viganjani, akavaa miwani ya jua na kutoka msituni kwa hatua za kawaida. Wenzake wakampisha, wakisema ana moyo wa chuma. Alikuwa anakwenda kumwambia mama mkwe.