Kwa Awamu Ngapi?

Kila alasiri Yurley akitoka shule alikuwa na kazi zake. Alivua sare, akapasha moto arepa mbili, vile vikate vya mahindi, moja yake na moja ya Nona, bibi yake, kisha akakaa karibu na mashine ya mama kukata nyuzi zilizobaki kwenye ngozi. Mama yake, Nubia, alishona viatu nyumbani kwa ajili ya kiwanda kidogo, kama walivyofanya wanawake wengi wa mtaa wao huko Bucaramanga, Kolombia. Mashine ilinguruma kutwa nzima, kwa hiyo simu ikilia, Yurley ndiye aliyepokea.

Siku moja alipokea, akasikia sauti ya mwanamke mwenye adabu nyingi ikimuulizia mama.

"Anashona. Nimwambie nini?"

"Mwambie, binti, benki yetu iko tayari kununua cartera yake. Nitapiga tena kesho."

Sasa neno hilo, cartera, lina maana mbili. Watu wa benki wakilitamka, wanamaanisha deni la mtu. Watu wengine wanamaanisha mkoba wa mwanamke. Yurley alikuwa na miaka kumi na mmoja na hajawahi kufanya kazi benki. Aliingia chumbani, akaumwaga mkoba wa mama kitandani, akausugua kwa mafuta ya ngozi mpaka ukang'aa. Kisha akaenda kumwambia rafiki yake Maryori, wa nyumba ya pili.

"Benki inunue mkoba ule?" Maryori alimcheka. "Hata paka wenu hakubali kuulalia."

"Wivu tu huo," alisema Yurley.

Jioni mama aliukuta mkoba ukimeta juu ya meza. Yurley alipoeleza sababu, Nona alicheka hadi akalazimika kuweka kikombe chini. Mama naye alicheka, kisha akavuta kiti.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nadaiwa na benki ya ile kadi ya mkopo. Kila nikinunua kitu, karani ananiuliza nitalipa kwa awamu ngapi, nami nasema thelathini na sita, ili kila mwezi nilipe kidogo. Nikajiona mjanja. Kumbe awamu zikiwa nyingi, riba nayo inazidi. Friji nililonunua kwa kadi hiyo limeshakufa na bado nalilipia."

"Na hao wanaotaka kununua?"

"Watalipa deni lote kule, halafu nitadaiwa na wao. Ila riba yao ni ndogo kwa mwaka mmoja. Nikijikaza mwaka huo, natoka. Nisipojikaza, itabidi niuze mashine."

Yurley aliigeukia mashine. Aliogopa kweli, maana chakula chote cha nyumba ile kilipitia kwenye sindano yake.

Mama alikubaliana na benki mpya. Baada ya muda mfupi ukaja ujumbe kwamba kadi ya zamani haidaiwi kitu, na inaweza kutumika tena. Yurley ndiye aliyeusoma kwa sauti. Kichwani mwake hesabu ilikuwa rahisi: kitu kikishanunuliwa, kinaondoka na mnunuzi. Kama deni lilikuwa limenunuliwa, basi limekwenda zake.

Kwa hiyo Jumamosi, walipopita mbele ya duka la vifaa vya michezo, alimvuta mama mkono. Timu ya mtaa ya kuteleza kwa viatu vya magurudumu ilikuwa inachagua watoto mwezi huo, na asiye na viatu hachaguliwi.

"Mama, kadi si tupu, haina deni? Wenyewe wamesema."

Nubia alivitazama vile viatu. Tangu Krismasi alikuwa akimwambia mtoto wake hapana, na neno hilo lilikuwa limemchosha. Akatoa kadi ya zamani, akaiweka mezani.

"Kwa awamu ngapi, mama?" aliuliza karani.

Kabla Nubia hajafungua kinywa, Yurley alijibu kwa furaha, kwa sauti ile ile ya mama yake: "Thelathini na sita."

Karani alitabasamu. Nubia hakutabasamu. Alikuwa amejisikia mwenyewe kinywani mwa mtoto, akaona haya. Akaichukua kadi yake.

"Samahani, dada. Virudishe tu."

Yurley alitangulia nyumbani, macho yamejaa machozi. Mama alipofika alichukua mkasi mkubwa wa ngozi, akauweka mbele yake pamoja na kadi.

"Ikate."

"Lakini ni tupu, mama."

"Ndiyo maana. Nikiijaza tena nitadaiwa huku na kule."

"Si walilinunua deni?"

"Walinunua haki ya kunidai. Deni bado ni langu, limehama nyumba tu."

Yurley alishika mkasi. "Na timu?"

"Mwaka huu hapana. Naumia kukwambia, ila sitakudanganya."

Aliikata akilia, kwa nguvu, vipande viwili. Jumatatu mama alipiga simu kwenye benki ya zamani, wakaifunga kadi hiyo kabisa.

Timu ilichaguliwa bila yeye, na Yurley alinuna kwa wiki kadhaa. Hata hivyo nyuzi alikata, na msimu wa viatu vya shule ulipofika mama alichukua kazi mara mbili. Nyumbani hakikununuliwa kitu ambacho hakikuwa na fedha yake tayari. Mwaka wa riba ndogo haujaisha, deni likaisha. Mashine ilikuwa bado pale pale dirishani.

Timu ilipoanza kuchagua tena, walirudi dukani. Karani alikuwa yule yule, na kwa mazoea akauliza, "Kwa awamu ngapi?"

Mama alikuwa anahesabu noti. Akamtazama Yurley ajibu.

"Moja," alisema Yurley.

Njiani, viatu vikiwa kifuani, aliuliza kama ni ile benki mpya iliyowaokoa.

"Benki ilitupa nafasi ya kupumua," alisema mama. "Kuhamisha deni si kulilipa. Tumetoka kwa sababu tulilipa, na kwa sababu tuliacha kukopa. Usisahau hilo ukiwa mkubwa na kadi yako."

"Na wakipiga tena kutaka kununua cartera?"

Mama aliusogeza mkoba wake begani.

"Waambie imebaki hii moja, na hii hatuuzi."