Utando Ulioibwa Kabla ya Kukauka

Katikati ya makelele ya soko la Koyambedu, mikono miwili ilidaka fungu moja la majani ya vallarai, mboga ya kuponya vidonda.

"Dada, hili langu," kijana alisema.

"Limeandikwa jina lako wapi?" Yazhini alijibu bila kuachia.

"La supu ya mama, ni mgonjwa."

"Mimi nalipeleka maabara."

Kijana akacheka. "Siku hizi maabara nayo inakula mboga?"

Aliitwa Kathiravan, fundi wa lifti, shati lake jeupe limenyooka kwa pasi. Yazhini alivaa kanzu ya pamba ya kijani, asumini nyweleni. Waligawana fungu lile. Mwezi haukuisha wakawa wanagawana kahawa kila jioni, na mchana simu haikosi.

"Umekula, dhahabu yangu?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Wali mkavu. Nasubiri sauti yako iwe mchuzi."

"Mwongo wewe!" Yazhini alicheka peke yake mpaka wenzake wakageuka.

Kazi yake ya maabara Yazhini alimweleza kwa furaha. Alichanganya maji ya majani yale na polima, aina ya plastiki, iliyoyeyushwa kwa dawa kali, kisha umeme mkali ukavuta kutoka ncha ya sindano nyuzi nyembamba kuliko za buibui. Nyuzi zikilaliana zilifanya utando mweupe. Ukiuweka juu ya kidonda, nyama changa hupata pa kushika na kuota. Vidonda vya panya wa majaribio vilikuwa vimefunga.

Mama yake Kathiravan alikuwa na kisukari, na kidonda cha unyayo kilikuwa na miezi mitano.

"Nipe kipande kimoja tu," Kathiravan alimwomba Yazhini kwa simu.

"Haujajaribiwa kwa binadamu, Kathir. Unaweza kumdhuru."

"Panya unawahurumia, mama yangu humhurumii." Akakata.

Siku tatu kimya. Ya nne alikuja mkahawani na shada la asumini, akaomba radhi kwa maneno laini kama siagi. Yazhini alikwenda kunawa mikono, mkoba akauacha mezani.

Asubuhi iliyofuata kadi yake ya mlango wa maabara haikuwamo mkobani, na kwenye kabati la kukaushia palipungua utando mmoja, uliotengenezwa jana yake. Akapiga simu.

"Kathir, utoe sasa hivi! Haujakauka, bado una ile dawa ya kuyeyushia, utaunguza nyama!"

"Unaona uchungu kwa kuwa utando nimeupata bila ruhusa yako?"

"Nakusihi, mpenzi, utoe!"

"Mama amelala vizuri. Usimletee uchuro."

Alikimbia mpaka kwao, akagonga mpaka vidole vikachubuka. Hawakumfungulia.

Siku ya tisa mguu wa mama ulikatwa chini ya goti. Wiki hiyohiyo Yazhini alifukuzwa kazi, kwa kuwa mlango ulifunguliwa kwa kadi yake. Walimuuliza mara tatu nani aliichukua. Hakumtaja. Bado alimpenda.

Kathiravan ndiye aliyempigia, akamwita hospitali. Alimpokea ukumbini, ndevu zimemjaa, macho mekundu.

"Nioe, Yazhini. Samahani, nimechanganyikiwa... nataka kukuoa. Bila wewe siwezi."

"Mama yako anajua nini?"

Akatazama chini. "Anadhani wewe ndiye uliyenipa utando."

"Nenda kamwambie kweli. Ukimwambia, nitakubali. Mbele ya watu wote nitakubali."

"Leo hii? Kwa hali ile?"

"Leo hii."

Alimshika mkono, akaubusu, akaingia. Yazhini akabaki nje ya pazia, moyo ukimdunda kama wa bi harusi. Alisikia kitanda kikilia, kisha sauti ya mama, dhaifu, yenye chuki:

"Yule mchawi yuko nje?"

"Yuko, Mama."

"Anataka nini?"

Yazhini akafumba macho.

"Amekuja kuomba msamaha," Kathiravan alisema. "Msamehe, Mama. Hakujua alichokuwa anafanya."

Alipotoka, uso wake umejaa matumaini, ukumbi ulikuwa mtupu.