Karatasi ya Tantine Kanyere

Kila asubuhi kabla ya shule, Katungu alienda kuchota maji pamoja na Tantine Kanyere, mdogo wa mama yake. Walipita juu ya mawe meusi ya volkano yaliyojaa katika mtaa wao wa Katoyi, mjini Goma. Mwaka ule wa korona Tantine alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza baada ya miaka saba ya kungoja. Katungu, msichana wa miaka kumi na miwili, hakumruhusu kubeba bidoni kubwa.

Siku moja Tantine alirudi kutoka kituo cha afya na karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa.

"Katungu, wewe unajua Kifaransa. Muuguzi alikuwa na watu wengi, akanieleza mbiombio. Nisomee, wanasema nini juu ya chanjo ya korona?"

Katungu alisoma kimya. Karatasi ilisema kwamba wajawazito wengi walikuwa wamekwisha kuchanjwa, na madaktari waliowafuatilia hawakuona chanjo ikimdhuru mtoto tumboni. Mkono huweza kuuma na homa ndogo kuja, kisha hupita. Lakini shuleni, rafiki yake Nabintu alikuwa amemwambia kwamba sindano ile inaua watoto tumboni. Katungu aliogopa.

"Wanasema mwenye mimba asichanjwe," alidanganya. "Angoje azae kwanza."

"Basi nitangoja," Tantine alijibu.

Mwezi mmoja baadaye alianza kukohoa. Siku ya tatu hakuweza kusema maneno matatu bila kuhema. Kamate, mume wake, alimpeleka hospitali, akawekewa oksijeni. Mtoto, msichana, alizaliwa kabla ya wakati, akaishi saa chache tu. Kamate alimzika kesho yake. Tantine alikuwa bado kitandani, hajamshika mtoto wake hata mara moja.

Aliporudi nyumbani, alikaa chumbani akitazama ukuta. Katungu hakuweza kula. Mwishowe alipiga magoti kando ya kitanda.

"Tantine, karatasi haikusema vile. Ilisema chanjo ni salama. Mimi niliogopa, nikakudanganya."

"Toka kwanza," Tantine alisema polepole.

Kwa siku mbili hakumsemesha. Siku ya tatu alimwita, wakaenda pamoja kituoni. Katungu alimweleza muuguzi, Papa Constant, mambo yote huku akilia.

"Mutoto wangu," Papa Constant alisema, "wewe hukumuua mtu. Ni ugonjwa. Hata aliyechanjwa anaweza kuugua. Lakini chanjo ingempunguzia hatari, na uamuzi ulikuwa wake. Mimi pia nina kosa. Nilimpa karatasi badala ya kukaa naye nimweleze."

Tantine alipopata nguvu, alichanjwa. Katungu naye alimtafuta Nabintu na kumwambia ukweli wote, hata ule wa aibu. Mama yake Nabintu alikuwa mjamzito pia. Alikwenda kituoni, akauliza maswali yake yote kwa Kiswahili, kisha akachanjwa. Mkono ulimuuma siku mbili. Baadaye alizaa mvulana mwenye afya.

Tantine alikwenda kumpongeza, akiwa na Katungu. Alimpakata yule mtoto kidogo, akamrudisha kwa mama yake, akatoka nje haraka. Katungu alimkuta amesimama kando ya njia, anapangusa machozi kwa kitenge.

"Tantine, umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini bado inauma, na itauma." Alimshika mkono. "Ulinidanganya kwa sababu ulinipenda, ninajua. Siku nyingine usinifiche neno kwa ajili ya kunilinda. Niambie lilivyo, halafu uniambie pia kwamba unaogopa. Tutaenda pamoja kumuuliza anayejua."

Katungu aliitikia kwa kichwa. Walirudi nyumbani polepole, kwa maana Tantine alikuwa bado anachoka haraka.