Kilichoitika Kalavatini

Hebu fikiria ua mdogo wa nyumba moja ya Mkolani, saa kumi na moja jioni. Jua bado lipo. Sufuria la maharage liko jikoni, na mama mmoja aitwaye Tereza amechuchumaa akipepea moto. Gunia la mkaa liko mbali kidogo, na mikono yake ina unga. Bila kufikiri, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka kumi na moja, anainua sauti: "Chenge! Niletee mkaa."

Na kutoka ndani ya nyumba sauti inajibu, "Naam."

Tereza anaendelea kupepea. Anapepea mara tatu, mara nne. Kisha mkono unasimama, kwa sababu amekumbuka kwamba Chenge, mume wake, alizikwa nyuma ya nyumba hiyo siku tisa zilizopita.

Aliingia ndani, akatazama vyumba vyote viwili. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, harufu ya tope bichi, tope la mahali ambapo maji yamelala muda mrefu bila kwenda popote. Sakafu ilikuwa kavu. Akajiambia ni majonzi, akarudi kwenye maharage yake, wala hakumwambia mtu.

Chenge alikuwa muuza maziwa. Aligongwa alfajiri, mvua ikinyesha, alipokuwa akivuka barabara kuu huku anakokota baiskeli yenye madumu. Fuso iliyomgonga ilikuwa inatoka upande wa Busisi na mzigo wa samaki, na dereva wake, Obedi, alikuwa peke yake. Polisi walipofika walimkuta marehemu amelala pembeni, juu ya kalavati, daraja dogo la mtaro, hatua arobaini kupita zebra, kivuko cha waenda kwa miguu. Wakapima, wakachora ramani, wakaweka humo alama ya msalaba mahali alipolala.

Msalaba huo ndio uliozuia kila kitu. Tereza alipokwenda mjini kudai fidia, pamoja na Shimba, kaka mkubwa wa marehemu, walipokelewa na dada wa kitengo cha madai cha kampuni ya bima, aitwaye Mehjabeen. Aliwapa viti, akawapa pole, kisha akageuza ramani ili waione.

"Mama, kama angekuwa kwenye zebra, dereva ndiye mwenye kosa, na dai hili ningelipeleka mbele leo hii," alisema. "Lakini ramani inaonyesha alivukia huku chini, gizani, mahali pasipo na kivuko. Kampuni inasema kosa ni la marehemu."

"Mdogo wangu hakuwahi kuvukia kalavatini," Shimba alisema. "Kule ni majani na tope. Baiskeli ya maziwa utaipitishaje?"

"Nakuamini, mzee. Nileteeni mtu aliyeona."

Hakukuwa na mtu aliyeona.

Sasa, katika ukoo wa akina Chenge kuna desturi. Mtu akifia njiani, mwili peke yake hautoshi kuletwa nyumbani. Kaka yake mkubwa huenda na tawi bichi mpaka pale roho ilipotoka, huita jina la marehemu mara tatu, kisha huliburuta tawi hadi kaburini bila kugeuka nyuma na bila kusema neno. Shimba alifanya hivyo siku ya mazishi. Alisimama juu ya kalavati, pale polisi walipoonyesha, akaita. Mara ya tatu tawi likawa zito mkononi, na akalia kwa shukrani, akijua mdogo wake amekubali kurudi.

Kwa hiyo Tereza alipomweleza hatimaye kuhusu ile "Naam", Shimba hakushtuka sana.

"Ni yeye, shemeji. Hajazoea bado. Usimwite, mwache apumzike."

Hawakumwita tena. Lakini kile kilichoitika hakikutaka kupumzika. Jirani alipomwita mwanawe ng'ambo ya ukuta, kiliitika ndani ya nyumba ya Tereza. Muuza mboga alipita akimpigia kelele mwenzake, kikaitika. Kila mara "Naam," kwa upole, kama mtu mwenye adabu zake, na kila mara harufu ya tope ikafuata. Halafu asubuhi moja Tereza alimwita binti yake wa miaka minane aje anywe uji.

"Queen!"

"Abee," sauti ikajibu kutoka chumbani.

Queen alikuwa amesimama mlangoni, mbele ya macho ya mama yake, mdomo umefungwa.

"Si mimi, mama," alinong'ona.

"Najua. Njoo hapa, mwanangu. Njoo kwangu."

"Nilitaka kuitika. Kikaniwahi."

Kuanzia hapo kila kilipoitika kwa jina lake, sauti ya mtoto ilipungua. Kwanza ilikwaruza, kisha ikawa mnong'ono, kisha akawa anafungua mdomo na hakitoki kitu ila pumzi. Mwili nao ukafuata sauti. Daktari alimulika koo, hakuona kasoro. Tereza alimlaza mkekani na akawakataza majirani wasimwite hata yeye Mama Queen, lakini jina la mtoto huwezi kulizuia midomoni mwa watu.

Ijumaa alikuja mwalimu wa darasa lake, Antoni, kijana mpole, daftari la mahudhurio likiwa kwapani.

"Hodi. Nimekuja kuhusu mtoto."

"Karibu, mwalimu. Unisamehe, sikutuma taarifa. Tangu Jumatatu hajainuka."

Mwalimu hakuketi. "Tangu Jumatatu?"

"Ndiyo."

"Mama, tangu Jumatatu namwita, anaitika. Nimemwekea alama kila siku." Akashusha sauti. "Leo ndiyo mara ya kwanza kuinua macho kabla sijasoma jina linalofuata. Dawati lake lilikuwa tupu. Wenzake wote wamehamia upande mmoja. Nikawauliza kwa nini wanabanana. Wakaniambia pale panalowa."

Shimba alipanda gari siku ileile kwenda Buswelu kumtafuta mganga aitwaye Selina, bibi mfupi mwenye nyonga mbovu. Walipofika kwa Tereza, jua lilikuwa bado la mchana.

"Shikamoo, bibi," Tereza alisema.

"Marahaba. Nipe kigoda kwanza, mwanangu. Kilima chenu hiki kitaniua kabla ya jini lenu."

Akaketi katikati ya ua, akajifuta jasho, akaita kwa sauti kubwa, "Chenge!"

"Naam," ikajibu nyumba.

"Queen!"

"Abee."

Selina akatazama huku na huku, akaona chombo jikoni, akaita, "Sufuria!"

Kisha, polepole, kama mtu anayejaribu nguo ya mwenzake, sauti ikasema, "Naam?"

Shimba aliweka mikono kichwani.

"Huyu si mdogo wako," Selina alisema, na utani ulikuwa umemtoka. "Mtu analijua jina lake. Hiki hakina, kinaokota ya watu. Wewe uliitia wapi?"

"Kalavatini. Pale alipofia."

"Hakufia pale. Uliita mahali ambapo mtu wako hayupo, na chini ya kalavati palikuwa na mwenyeji. Akaitika, ukamburuta mwenyewe mpaka nyumbani. Chenge bado yuko palepale alipokatia roho, anangoja aitwe. Akirudi yeye, hiki hakitakuwa na mlango hapa. Asiporudi, mtoto huyu hamalizi mwezi."

"Nani anapajua mahali hapo?" Tereza aliuliza.

"Aliyemgonga."

Obedi alikuwa nje kwa dhamana. Tereza alimkuta kesho yake saa sita mchana kwenye gereji ya vumbi, ile Fuso ikiwa imeegeshwa kivulini, mafundi wawili wanakula miwa. Alikuwa amembeba Queen mgongoni kwa kitenge, na hakuhisi uzito kama wa mtoto wa miaka minane.

"Dada, maelezo nilishaandika," Obedi alisema kabla ya salamu. "Mambo ya fidia waulize bima."

"Sikuja kwa fidia. Nataka kujua alianguka wapi."

"Si ramani ipo?"

"Ramani inaonyesha alipolala."

Fundi mmoja akatema ganda la muwa. "Obedi, leo umepata mwalimu."

"Nyamaza wewe!" Kisha akamgeukia Tereza, kwa sauti ya chini. "Nina watoto watatu. Nikibadilisha maelezo naenda jela. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Tereza alimfungua mtoto, akamsimamisha chini, akamshika mabega. "Mwite jina lake. Ukishamwita, naondoka. Anaitwa Queen."

Obedi alimtazama yule mtoto, mikono myembamba, macho makubwa. Akajaribu kutabasamu. "Queen," alisema.

Mtoto alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Lakini chini ya Fuso, kati ya matairi ya mbele, mahali palipokuwa pakavu kama majivu, sauti ya msichana mdogo ikaitika kwa adabu, "Abee."

Mafundi waliinuka wakakimbia. Maji meusi yalianza kutiririka kutoka chini ya gari, polepole, yakinuka tope bichi, yakaja moja kwa moja mpaka kwenye viatu vya Obedi. Naye akapiga magoti ndani yake.

"Alikuwa kwenye zebra," alisema. "Katikati kabisa. Nilisinzia, dada. Niliposhuka alinitazama, akafa mikononi mwangu. Nikaiona mistari ile nyeupe, nikaona jela. Nikambeba mpaka kule chini, nikarudi kuchukua baiskeli. Mvua ikaosha damu."

Jioni hiyo vijana wa bodaboda walisimamisha magari. Obedi alionyesha mahali kwa mguu, katikati ya zebra, akalia. Shimba akasimama pale na tawi bichi, akaita mara tatu, na hapakutokea muujiza wowote, ila mkono wake ulitulia. Wakaanza kutembea, Shimba mbele akiburuta tawi, Selina kando yake, Tereza nyuma akiwa na mtoto mgongoni. Selina alikuwa amewaonya: kiliitwa mara moja, sasa kitaita chenyewe, na atakayeitika au kugeuka nyuma atabaki nacho.

Walipoiacha lami kilianza. Kilimwita Shimba kwa sauti ya mama yake aliyekufa zamani. Kilimwita Selina kwa jina la utoto ambalo hakuna aliye hai aliyelijua. Kisha zikasikika nyayo zao tu, na Tereza akadhani kimechoka, mpaka aliposikia nyuma yake, karibu sana, sauti ya binti yake, ile sauti safi aliyokuwa hajaisikia kwa majuma matatu, ikisema, "Mama, umenidondosha," naye akajua kwamba mtoto yuko mgongoni, alihisi magoti yake mbavuni, alihisi pumzi shingoni, lakini sauti iliendelea, "Mama, nimeumia, nisubiri, mama, mbona unaniacha na huyu uliyembeba ni nani," na magoti yale mbavuni yakaanza kuwa ya baridi, na kitenge kikaanza kulowa, na harufu ya tope ikapanda mpaka puani, na kila alichokuwa nacho mwilini kilitaka kugeuka, naye akauma mdomo mpaka damu, akahesabu hatua, akakaza kitenge, akatembea, akatembea, hadi aliposikia tawi la Shimba likilazwa juu ya udongo wa kaburi.

Selina aliita, "Chenge!"

Hakuna aliyeitika. Ulikuwa ukimya mwema, kama wa nyumba ambayo mwenyewe amelala.

Akaita, "Queen!"

Mtoto alifungua mdomo, akatoa pumzi tu. Na mbali, kule upande wa barabara, kikaitika, "Abee."

Tereza alianguka chini.

"Inuka," Selina alimwambia. "Jina la baba kimeliachia kwa kuwa mwenyewe amerudi. Hili la mtoto hakiachii. Basi kiachieni nalo. Bibi yake mzaa baba aliitwa nani?"

"Ng'washi," Shimba alisema.

Selina akamshika mtoto kidevu, akamtazama kwa muda mrefu. "Ng'washi."

Koo likapanda na kushuka. "Abee," mtoto akasema, kwa sauti nzito yenye kukwaruza, ambayo mama yake hakuwahi kuisikia.

Obedi alikwenda polisi mwenyewe akaandika maelezo mapya, na sasa yuko ndani. Mehjabeen alilifungua dai upya. Wakili wa kampuni anasema maelezo hayo yametolewa kwa hofu ya uchawi, kwa hiyo hayana uzito, na kesi inapigwa tarehe hadi leo. Tereza huenda kila inapotajwa. Shuleni mwalimu Antoni ameandika daftari jipya la mahudhurio, lenye jina jipya la mtoto.

Mtoto anakua vizuri. Ukipita Mkolani huenda ukamkuta akichota maji, binti mrefu mwenye sauti nzito, naye atakuamkia, maana amelelewa. Nakuomba basi, kwa upole, ukumbuke jambo moja tu. Jina lake la kwanza unalijua sasa. Usimwite kwa hilo, hata kwa utani, hasa mkiwa karibu na barabara. Yeye atanyamaza, amefundishwa. Lakini utaitikiwa.