Stempu ya Kifutu

"Dada, naomba usisogee. Kuna kinyonga karibu na kiatu chako."

Xaveria aliganda katikati ya foleni ya posta ya Babati, mkono umeshika pindo la gauni lake la kitenge cha njano. Kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi ikakolea, aliinama akaokota kijikaratasi, akamwonyesha. Ilikuwa stempu yenye picha ya kinyonga. Bahasha ya kijana huyo ilikuwa imechanika, na stempu nyingine zilikuwa zimetapakaa sakafuni. Xaveria alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.

Aliitwa Herieli, mwalimu wa baiolojia. Alikusanya stempu za wanyama watambaao tu, akibadilishana kwa barua na watu wa nchi za mbali. Xaveria, aliyeuza mbegu katika duka la pembejeo, hakuwahi kusikia jambo kama hilo. Miezi minne ikapita simu zao hazipoi. Xaveria alizoea kumwita "mamba wangu", na Herieli akijibu kwamba mamba hana haraka, atamsubiri mpaka duka lifungwe. Wakaanza kuzungumzia habari za kumtuma mshenga.

Jumamosi moja, kwenye mgahawa unaotazama ziwa, Herieli alimletea albamu nzima. Walipitia kasa, mijusi, mamba. Kisha akafunua ukurasa wa nyoka, akaweka kidole kwa mmoja mnene, mwenye mabaka.

"Kifutu. Nimemtafuta miaka mitatu. Mwone alivyo mzuri."

Xaveria alisimama, soda hajaimaliza, akapanda bajaji bila kuaga.

Kwa wiki mbili hakupokea simu. Herieli aliomba radhi kwa kosa asilolijua. Mwishowe akaandika kwamba kama amemwona ni mtu wa mambo ya kitoto, aambiwe tu, aache kusubiri. Ujumbe huo ulimchoma Xaveria. Akampigia, akamwambia aje Bonga, kijijini kwao, na albamu aje nayo.

Alimpokea kando ya barabara ya Dodoma, kwenye shamba la kwao. Hakumsalimia. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye maharage.

"Mdogo wangu Damasi alikuwa anapalilia pale. Kifutu akamuuma mguuni. Tulimbeba mpaka hapa barabarani, gari likachelewa kupatikana. Ni miaka mitatu, Herieli. Hiyo hiyo uliyokuwa unamtafuta wewe."

Herieli alifungua albamu, akaushika ukurasa ule auchane. Xaveria akamzuia mkono. Akaitazama ile stempu, kwa mara ya kwanza bila kugeuza uso, mpaka pumzi yake ikatulia.

"Ukichana, Damasi harudi. Ila usiniambie tena kwamba ni mzuri."

"Sitasema."

Lori la mahindi likapita, wakangoja vumbi litulie. Kwa sauti ya chini Herieli akauliza kama bado anaweza kumtuma mshenga.

"Kwanza njoo Jumapili, baada ya misa, umsalimie mama," Xaveria alisema. "Atakuuliza unapenda nini. Mwambie ukweli wote. Nitakuwa nimekaa upande wako."