Vitambaa Chini ya Godoro

Jirani zangu, mnaikumbuka ile cherehani iliyokuwa hainyamazi barazani kwa fundi tuliyemwita Mama Vifungo? Alikuwa akitupima viuno huku anatutania: "Shemeji, suruali haijapungua, wewe ndiye umeongezeka." Tulicheka, tukalipa, tukarudi tena.

Kisha saratani ya titi ikampata, ikaenea hadi kwenye mifupa ya mgongo. Cherehani ikafunikwa shuka.

Mumewe, mwalimu mkuu, hakumtelekeza. Semeni mengine, hilo msiseme. Kila mwezi alimpeleka kliniki, akamshika mkono, na daktari alipouliza, "Mama, maumivu vipi?" mwalimu alijibu kabla mkewe hajameza mate: "Hajambo, daktari. Mke wangu ni jasiri." Daktari akaandika kwamba hana maumivu, wala hakuuliza mara ya pili. Mgonjwa akatazama sakafu. Angembishiaje mumewe mbele ya watu?

Nasi majirani kwa kumwaga sifa za ujasiri wake hatujambo. Siku moja alininong'oneza, "Shoga, huu mgongo unawaka moto." Mimi nikamjibu nini? "Mvumilivu hula mbivu." Mungu anisamehe. Hakuninong'oneza tena.

Alikufa miezi mitano baadaye. Tulipoinua godoro tulikuta mfuko umejaa vipande vya kitambaa, mabaki ya kazi yake. Kila kimoja kina alama za meno, vingine vimetoboka. Alikuwa akiving'ata ili watoto wasimsikie.

Mwalimu aliubeba mfuko ule hadi kliniki, mimi nikamfuata. Akaumwaga mezani kwa muuguzi.

"Hamkuwa na dawa ya maumivu?"

"Ilikuwepo, Mwalimu. Hata sasa ipo, kabatini hapo nyuma yako."

"Mbona hamkumpa? Kila mwezi mlimuuliza!"

"Tulimuuliza yeye," muuguzi akasema. "Ukajibu wewe."

Mwalimu alianza kuviokota vile vitambaa, kimoja kimoja, akivirudisha mfukoni.

FUNZO

Mgonjwa wa saratani hatoshwi na nauli na kushikwa mkono. Aulizwe panapomuuma, kisha aachwe ajibu mwenyewe, hata akichelewa, hata akilia. Maumivu si mtihani wa ujasiri, na kuomba dawa si aibu. Ukimsindikiza mgonjwa kwa daktari, ufunge mdomo wako. Na akikwambia mgongo unawaka moto, usimpe methali kama nilivyompa mimi. Mpeleke akapewe dawa, siku hiyohiyo.